Mikono ya Mdogo Wangu

Ukitoka Nairobi, ukishapita Gilgil na kabla hujafika Mbaruk, Ziwa Elmenteita hujitokeza upande wa kushoto likiwa na ukingo mweupe wa magadi. Abiria wengi wa matatu saa hiyo wanatazama simu, au wanalalamika kwamba nyama ya Kikopey imepanda bei. Mimi hutazama mashamba ya upande ule. Kwenye mojawapo, miaka ya 1930, alikulia mvulana wa Kizungu aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kuletwa Kenya na wazazi wake. Jina lake Anthony Allison. Sikuwahi kumwona, na alifariki mwaka 2014. Lakini ndiye aliyekuja kueleza jambo lililokuwa likiendelea ndani ya damu ya watu wa kwetu, na mmoja wa watu hao alikuwa mdogo wangu.

Kwetu ni Siaya, ila mimi ni mtoto wa Nakuru. Baba aliajiriwa na reli, tukaishi landhi, familia nzima chumba kimoja, jiko nje. Mama aliuza omena sokoni. Mdogo wangu alizaliwa mwaka 1984, kitinda mimba, mcheshi tangu akiwa wa kunyonya. Alipofikisha miezi sita mama akataka kurudi sokoni, akatafuta yaya. Akaja msichana kutoka upande wa Molo au Elburgon, pengine wa miaka 16, mpole, mwenye wimbo mmoja tu aliouimba mchana kutwa.

Ikapita miezi miwili. Jioni moja mama alirudi akakuta mikono ya mtoto imevimba, yote miwili, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, ngozi imetanuka mpaka inameta. Ukimgusa hata kwa shuka analia mpaka sauti inakatika. Hakuna jeraha, hakuna alama ya moto. Mama akamgeukia yaya: umemkunja mtoto wangu? Umemfunga mikono ili upate kuzurura? Yule msichana alikana huku akilia, akaapa kwa Mungu na kwa mamake mzazi. Alifukuzwa usiku ule ule, bila mshahara wa mwezi. Nilikuwa na miaka mitano, na nakumbuka nguo zake zilikuwa ndani ya mfuko wa unga. Nakumbuka pia kwamba mikono ilipona yenyewe baada ya wiki, na mama akauchukua huo kuwa ushahidi: yaya kaondoka, mtoto kapona.

Kisha miguu ikavimba. Yaya wa pili alikuwa shangazi, kwa hivyo hakuna aliyefukuzwa.

Kituo kimoja cha afya kilisema ni baridi yabisi. Kingine kikasema malaria, kikatoa klorokwini. Jirani mmoja wa landhi alisema macho yale ya manjano ni ya mtoto aliyetazamwa vibaya. Alikuwa na miaka mitatu daktari mmoja alipotuma damu maabara, jibu likarudi kwamba ni selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu. Mama alielezwa kwa dakika tano, nusu yake kwa Kiingereza, akaambiwa amlete tena akiugua. Julai 1988, mwezi ambao Nakuru huwa na baridi ya kukata masikio, alishikwa na nimonia siku ya Alhamisi. Jumamosi tukawa hatuna yeye.

Leo mimi ni mwalimu wa Biolojia hapa hapa Nakuru. Nina tabia moja ambayo mume wangu huiona ya ajabu: husoma wasifu na tanzia za wanasayansi wa jeni na wa afya ya umma kama vile watu wengine wanavyosoma habari za wachezaji. Kila ninapokuta mwaka, naupima kwa miaka ya mdogo wangu. Alikuwa amezaliwa? Alikuwa na miaka mingapi? Ni hesabu isiyo na faida, najua. Lakini ndivyo nilivyojifunza fani hii, na ndivyo nilivyogundua kwamba mambo mengi yaliyotuumiza sisi yalikuwa tayari yanajulikana mahali fulani.

Nianze na Allison, kwa sababu ya barabara. Mwaka 1949 alikuwa mwanafunzi wa Oxford, akajiunga na msafara wa chuo hicho uliokuja Mlima Kenya. Wenzake walikuja kwa ajili ya mimea na wadudu. Yeye alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali ili apime makundi ya damu, na akaongeza kipimo kimoja zaidi: kutazama kama chembe nyekundu zinajikunja kuwa na umbo la mundu zinapokosa oksijeni. Akaona kitu cha kushangaza. Kwa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya 20 katika kila 100 walibeba jeni ya selimundu. Kwa watu wa nyanda za juu, hawakufika hata 1 katika 100.

Hebu fikiria safari yetu ya kila Desemba kwenda ushago. Nakuru, Salgaa, Mau Summit, Londiani, masweta yamefungwa mpaka shingoni. Kericho mvua, chai, ukungu. Halafu gari linaanza kuteremka, Awasi, na ukifika Ahero kwenye mashamba ya mpunga watu wote wamevua masweta, madirisha yako wazi, na jioni ikiingia unasikia mbu sikioni. Kwa saa chache hivi unakuwa umetoka ambako jeni hiyo ni nadra na kuingia ambako imejaa. Allison alikuwa amelelewa juu, kwenye baridi, nchi ambayo kwa mtoto wa mlowezi malaria ilikuwa ni ugonjwa wa huko chini. Alipoiona ile tofauti kwenye hesabu zake, kilichomjia akilini ni mbu. Darasani mimi husema hivi: aliichukua ramani ya jeni akailaza juu ya ramani ya malaria, zikalingana.

Lakini kulingana kwa ramani si uthibitisho. Alirudi Uingereza akamaliza udaktari, kisha mwaka 1953 akaja tena. Nairobi alipata wanaume 30 Wajaluo waliokubali kujitolea, watu wazima waliokuwa wamekaa mbali na maeneo ya malaria kwa muda. Nusu yao walibeba jeni ya selimundu, nusu hawakubeba. Wote wakaambukizwa malaria kwa makusudi, wengine kwa kuumwa na mbu, wengine kwa kudungwa damu yenye vimelea. Katika 15 wasiobeba jeni, 14 walipatikana na vimelea. Katika 15 waliobeba, ni 2 tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, pamoja na hesabu ya watoto wa Buganda iliyoonyesha mwelekeo uo huo, na tangu hapo kila kitabu cha jeni duniani kinakitumia kisa hiki kueleza jinsi ugonjwa mmoja unavyoweza kuilinda jeni ya ugonjwa mwingine.

Muhula uliopita nilikuwa nikifundisha hayo katika Kidato cha Nne. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hulala, akainua mkono. "Mwalimu, hao wanaume thelathini waliambiwa nini?" Nikasema walijitolea. "Najua, lakini waliambiwa nini? Kwamba wanaweza kufa?" Darasa zima likanigeukia. Nikamwambia ukweli: wakati ule hapakuwa na taratibu za kuomba idhini kama za leo, Kenya ilikuwa koloni iliyo chini ya sheria ya hali ya hatari, na kitabu chetu cha darasani kina jina la Allison lakini hakina jina la mwanaume hata mmoja kati ya wale 30. Akaandika kitu kwenye daftari, akalala tena.

Swali lake lilinikaa. Naye Allison simlaumu kwa urahisi. Bila yeye sijui kama ningelielewa lolote. Ila ukisoma maisha yake yaliyobaki, unaona jinsi mtafiti anavyoweza kuvua jambo kama koti. Aliendelea na mengine. Miaka ya baadaye, akiwa Marekani na mwenzake Elsie Eugui, walitengeneza dawa ya mykofenoleti mofetili, inayouzuia mwili kuikataa figo uliyopandikizwa. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1995. Ni kazi kubwa, na leo wapo Wakenya wenye figo za ndugu zao wanaoishi kwa vidonge hivyo. Lakini watoto wenye selimundu aliwaacha pale alipowakuta. Alichokuwa ametuambia ni kwa nini wako wengi. Nini cha kuwafanyia, hilo lilibaki.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna kosa ambalo nimelisikia hata kwa watu waliosoma. Watu husema, "Mwenye selimundu hapati malaria." La. Anayelindwa ni mwenye jeni moja, tunayemwita AS. Aliyerithi jeni mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, yaani SS, ndiye mgonjwa, na malaria ikimpata huweza kuimaliza damu yake upesi sana. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Kila mimba, wala si kila mtoto wa nne kwa foleni; shangazi yangu alizaa akiamini ameshamaliza zamu. Mimi ni AS. Mume wangu nilimpeleka maabara kabla ya mambo ya mahari, akadhani namtilia shaka mambo mengine, tukakosana siku tatu. Ni AA, yaani hana jeni hiyo. Tukapatana.

Kosa lenyewe ni dogo mno kiasi cha kuudhi. Himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, ina minyororo, na katika mnyororo wa beta kiungo cha sita kimebadilika: asidi ya glutamiki imekaliwa na valini. Aliyelionyesha hilo ni Vernon Ingram, Cambridge, mwaka 1957. Miaka minane kabla yake, 1949, Linus Pauling na wenzake walikuwa wamethibitisha kwamba ugonjwa uko ndani ya molekuli yenyewe ya himoglobini. Sifa ilimwendea Pauling, naye alikuwa mtu mkubwa kweli, lakini sehemu kubwa ya kazi ya mikono ya maabara ilifanywa na kijana aitwaye Harvey Itano, Mmarekani mwenye asili ya Japani. Mwaka 1942 Itano aliongoza wanafunzi wote wa chuo chake cha California, na siku ya kupewa nishani hakuwepo. Serikali ilikuwa imekwisha kuwaweka kambini yeye na familia yake kwa sababu ya asili yao.

Nikianza kuhesabu watu wa namna hiyo simalizi. Maelezo ya kwanza ya chembe za umbo la mundu yalichapishwa Chicago mwaka 1910 kwa jina la James Herrick. Aliyeziona kwa hadubini alikuwa daktari mwanagenzi wake, Ernest Irons. Na damu ilikuwa ya Walter Clement Noel, kijana wa Grenada aliyekwenda kusomea udaktari wa meno. Noel alihitimu, akarudi kwao akafungua kliniki, akafariki mwaka 1916 akiwa na miaka 32. Nilipojua kwamba alirudi kwao na kung'oa meno ya watu kwa miaka kadhaa, nilifurahi isivyo kawaida. Vitabu humwacha kitandani hospitalini.

Sasa turudi kwenye mikono.

Mwaka 1948, Brooklyn, daktari wa watoto Janet Watson aliona kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaonyeshi dalili. Alieleza kwamba bado wana himoglobini ya tumboni, ile ya kabla ya kuzaliwa, na hiyo haijikunji. Inavyopungua, miezi inavyosonga, ndivyo ugonjwa unavyojitokeza. Kwa hivyo mtoto huwa mzima kabisa miezi ya mwanzo, kisha akikaribia nusu mwaka au akiupita kidogo, chembe zilizokunjamana huziba vimishipa vya mifupa midogo ya viganja na nyayo, na viungo hivyo vinavimba. Mara nyingi hiyo ndiyo dalili ya kwanza. Huja miezi ile ile ambayo mama wa Nakuru anarudi sokoni na kuandika yaya.

Mwaka 1964, katika hospitali moja ya Philadelphia, daktari mwanagenzi Marilyn Hughes Gaston aliletewa mtoto mwenye mkono uliovimba. Aliutafuta uvunjikaji, akatafuta jeraha, hakupata. Daktari aliyekuwa juu yake akamwambia apime selimundu. Ilikuwa ndiyo. Gaston ni mwanamke Mweusi, ametoka katika jamii yenye ugonjwa huo, amesomea udaktari, na hakuufikiria. Jambo hilo lilimsumbua kiasi kwamba aliyapa maisha yake ya kazi mwelekeo mwingine. Aliingia katika utafiti wa selimundu, na baadaye akaongoza jaribio ambalo mimi huona lingefaa kuandikwa kwenye kuta za kliniki zote za watoto kuanzia Busia hadi Homa Bay. Watoto 215 wenye selimundu, wote chini ya miaka mitatu. Nusu wapewe penisilini mara mbili kwa siku, nusu wapewe dawa isiyo na kitu. Jaribio lilisimamishwa miezi minane kabla ya wakati wake kwa sababu kuendelea kungekuwa ni ukatili: maambukizi makali ya bakteria wa nimonia yalikuwa yamepungua kwa asilimia 84 kwa waliopewa penisilini. Yalichapishwa mwaka 1986, na baada yake majimbo mengi zaidi ya Marekani yakaanza kuwapima watoto wote wanapozaliwa. Gaston mwenyewe mwaka 1990 akapewa uongozi wa ofisi ya huduma za afya ya msingi ya serikali ya nchi hiyo, mwanamke Mweusi wa kwanza kuishika.

Mwaka 1986 mdogo wangu alikuwa na miaka miwili. Alipopimwa mwaka 1987, miaka mitatu. Penisilini ilikuwa katika kila duka la dawa la Nakuru, ya bei ya soda. Sikumbuki hata chupa moja nyumbani. Dawa tuliyokuwa nayo ilikuwa ile ya maumivu, na blanketi.

Kuna mwaka mwingine unaonichoma, nao ni ule wa kuzaliwa kwake. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walichapisha kwamba haidroksiyurea, kidonge cha zamani cha saratani, huufanya mwili uirudie himoglobini ile ya tumboni, jambo ambalo Watson alikuwa amedokeza thamani yake miaka 36 nyuma. Ikachukua hadi 1995 kuthibitishwa kwa watu wazima, na hadi 1998 kuidhinishwa huko kwao. Kwetu ikaja hoja nyingine: Afrika kuna malaria, huenda dawa hii ikawafanya watoto waugue zaidi. Hoja yenyewe haikuwa ya kijinga. Lakini kuitatua kulitaka mtu aje aijaribu huku, na hilo lilisubiri sana. Jaribio lilipofanywa, lilihusisha watoto 606 katika Angola, Kongo, Uganda na Kenya, kwa upande wetu Kilifi, ambako Thomas Williams amefanya kazi ya selimundu na malaria kwa miaka mingi. Ripoti ilitoka mwaka 2019, na jina la kwanza juu yake ni la daktari Mkongomani, Léon Tshilolo. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua. Na malaria? Nayo ikapungua. Woga wa miaka yote ile ulikuwa umeelekea upande usio wake.

Toka 1954 mpaka 2019 ni miaka 65. Ndani ya pengo hilo watu wamepata uprofesa, wamestaafu, wamezikwa kwa heshima. Nisieleweke vibaya: nawapenda. Lakini nikiwapanga, nawapanga kwa kadiri walivyokaa karibu na kitanda cha mtoto, na hapo orodha inabadilika sura.

Juu kabisa naweka Waghana wawili. Felix Konotey-Ahulu aliufuatilia ugonjwa katika ukoo wake mwenyewe kizazi baada ya kizazi hadi mwaka 1670, kwa sababu wazee wa kwao walikuwa na jina la maumivu yale na walikumbuka nani aliugua. Mzungu mwenye hadubini alihitaji 1910. Wao walikuwa na simulizi. Kwaku Ohene-Frempong alikwenda Yale, akawa mkimbiaji wa kuruka viunzi, na alipokuwa huko alihudhuria mhadhara wa selimundu akatambua kwamba hicho ndicho kilichomuua binamu yake. Baadaye yeye na mkewe wakapata mwana mwenye ugonjwa huo huo. Alijenga kituo kikubwa Philadelphia, lakini katikati ya miaka ya 1990 alikuwa tayari Kumasi akianzisha upimaji wa watoto wachanga, na miaka yake ya mwisho aliirudia Ghana. Alifariki mwaka 2022. Na hapa jirani, Julie Makani, mzaliwa wa Arusha, alisoma Muhimbili, akaenda Oxford, akarudi Muhimbili, akaanza mwaka 2004 kuwaandikisha wagonjwa na kuwafuatilia mmoja mmoja, mpaka Dar es Salaam ikawa na mojawapo ya makundi makubwa zaidi duniani ya wagonjwa wa selimundu wanaofuatiliwa na kituo kimoja. Ukisoma kazi zake utaona mambo yasiyo na mbwembwe: nani alikufa, akiwa na umri gani, wa nini. Kuna watu watakaoona huo ni ukarani. Mimi ningetoa chochote kujua mwaka 1988 tulikuwa wangapi.

Kwa upande wetu wa magharibi, anayenigusa ni Miriam Were, ingawa yeye si mtu wa jeni kabisa. Ni mzaliwa wa Kakamega, mwaka 1940. Alianza kama mwalimu wa sekondari, na hilo pekee latosha kunifanya nimpende. Baadaye akasomea udaktari Nairobi, na miaka ya 1970 akarudi Kakamega kufanya kazi ambayo wakati ule haikuwa na hadhi: kukaa na wanavijiji wajichagulie wao wenyewe wa kufuatilia vyoo, maji, na chanjo za watoto wao. Mwaka 2008 Japani ilimpa tuzo ya Hideyo Noguchi. Septemba 2023, serikali ilipozindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 na mikoba yao, niliona wazo la Kakamega limezeeka vizuri.

Shangazi yangu, yule yaya wa pili, aliolewa Gem, na huko aliniona natafuta watu wakubwa mbali akacheka. Gem na Asembo ndiko KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wenzao wa Marekani walikofanya jaribio la vyandarua vyenye dawa, kuanzia 1996. Baadaye, tangu 2001, wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kila miezi minne kuuliza nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Boma la shangazi lina namba. Anasema mwanzoni watu waliogopa, wakadhani damu inakwenda kuuzwa. Akaja kijana wa kijiji jirani mwenye daftari, anayejua kusalimia, akakaa chini akala kwanza nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ndipo akauliza. "Huyo ndiye profesa," shangazi husema. Kila ninapoona makala ya kisayansi yenye jina la Kisumu na safu ndefu ya waandishi, namtafuta yule kijana wa nyoyo mwishoni kabisa, kwenye mstari wa shukrani. Mara nyingi yuko ndani ya neno "wahudumu."

Kuhusu tiba mpya ya kuihariri jeni, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, wanafunzi huniuliza sana. Ni ya ajabu, inafanya kazi, na bei yake Marekani ilipoidhinishwa ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Huwa naiandika ubaoni kwa shilingi, napanga sufuri zote, kisha tunaendelea na somo.

Pasaka iliyopita nilikwenda Siaya kwa mama. Amerudi kukaa huko tangu baba afariki. Tulikuwa tumeketi chini ya mwembe, anapukuchua mahindi, nami nikamsimulia kisa cha Gaston: mtoto, mkono uliovimba, daktari anatafuta mahali palipovunjika. Sikumsimulia kwa nia yoyote. Nilikuwa nimekisoma wiki ile. Nilipofika mahali pa kueleza kwamba mikono huvimba yenyewe, mtoto akiwa na miezi saba, minane, bila mtu kuigusa, na hupona yenyewe baada ya siku kadhaa, mama aliacha kupukuchua.

Akakaa kimya muda mrefu. Kuku wakasogea kwenye ungo, hakuwafukuza.

"Yule msichana," akasema. "Alikuwa wa Molo ama wa Elburgon?"

Nikamwambia sikumbuki, nilikuwa na miaka mitano.

Akaushika tena ule gunzi, akaugeuza geuza mkononi. "Mshahara wake ulikuwa shilingi mia moja na hamsini," akasema.